Picha ya Nzilo kwa Urefu wa Mita Moja

Tata,

Salamu nitaziandika mwishoni, nikizipata. Umetuma ujumbe kutoka Musumba kuomba picha ya mama. Tumeshamzika bila wewe, kwa kuwa ulisema barabara ni mbaya. Barabara hiyo hiyo haikuwa mbaya siku ulipotoka nyumbani kwetu Manika ukifuatana na mdogo wa mama, mama mudogo Odette.

Unaikumbuka studio yako ya picha, baba? Nilikuwa nasimama juu ya kreti ya bia ili nifikie meza, nawe unanionyesha picha moja kwa ukubwa mbalimbali. "Foto kidogo inasamehe, mwanangu," ulisema. "Ile mukubwa inaweka makosa yako yote inje." Ukanifundisha kwamba lenzi hulenga umbali mmoja tu. Aliye mbele au nyuma ya hapo ana ukungu kidogo, ila kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja jicho halioni, linadhani wote wametoka safi. Ikuze picha ile ile, ukungu nao unakua. Nilikupenda sana siku zile, na leo nakwambia ili ujue ulichokitupa.

Mama alikuwa na picha moja tu uliyompiga, ile ya kwenye bwawa la Nzilo. Ndogo, aliitunza ndani ya Biblia. Yeye yuko mbele na kitambaa chake cha njano, Odette yuko hatua tatu nyuma yake. Miaka yote hiyo, majirani walipokusema vibaya, aliitoa. "Angalia namna alinipiga foto muzuri. Ile siku alikuwa angali wangu." Hakuwa na ushahidi mwingine. Alipougua akaniagiza: "Usitafute ingine. Ku kilio yangu utaweka ile ya Nzilo, ikuwe mukubwa."

Nikaitafuta filamu katika makopo uliyoyaacha, nikaichapa kwa urefu wa mita moja, isimame kwenye kilio, kando ya jeneza, kama tunavyomfanyia kila marehemu wa heshima. Karatasi ilipotoka mashineni nikakuta uso wa mama uko kama nyuma ya mvuke wa sufuria ya bukari, ugali wetu. Odette alikuwa safi kabisa: shanga, nyusi, hata jasho juu ya mdomo. Fundi kama wewe hakosei hatua tatu, tata. Siku za mwizi ni arobaini. Zako zilikuwa nyingi zaidi, lakini ziliisha.

Ningeipunguza iwe kama daftari, na mama angeonekana. Nilijua. Sikuipunguza, kwa sababu nilitaka ukoo wote uone ulikuwa unamtazama nani. Waliokaa mwisho wa turubai walimwona mama vizuri, maana umbali nao unasamehe. Waliomsogelea kumlilia ndio waliompoteza. Dada yako mkubwa alisimama mbele ya picha akauliza kwa sauti: "Juu ya nini ni Odette tunaona? Ni nani alikufa?" Watu wakaacha kulia. Nilimnyima mama uso wake siku ya mwisho ili nikuaibishe wewe, na wewe hukuwepo hata uaibike. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Picha uliyoomba sikutumii. Lakini kwenye filamu ile ile inafuata nyingine. Ulimpa mama kamera, kitu ambacho hakuwahi kukishika, ukamcheka alipokawia kubonyeza: "Mama, utaangalia mupaka jua iingie?" Aliendelea kuzungusha lenzi polepole. Umesimama kwenye ukuta wa bwawa, watu wako mbele yako na nyuma yako, Odette akiwa miongoni mwao. Hiyo nayo nimeikuza mita moja. Wote wana ukungu, isipokuwa wewe. Kope zako zinahesabika.

Nimeshaitia fremu. Inangoja kilio chako.

Salamu sikuzipata.

Binti yako wa kwanza