Ngoja Wimbo Uishe

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, ila shangazi yako amehamia Magomeni na wanawe, nami nimebaki na vyumba vitupu hapa Kariakoo.

Unasema wenzako huko Ulaya wanadai Watanzania tunajua muziki wa kucheza tu. Usiwakasirikie. Hata sisi, enzi za Ujamaa, tulimcheka Mzee Mushi mwenye duka mtaani kwetu. Mchaga na taarabu, wapi na wapi!

Alasiri moja, nikiwa bado mgeni kutoka Lindi, nilikwenda kwake kununua mafuta ya taa. Redio ya taifa ikaanza kupiga taarabu. Mzee akaiweka chini chupa yangu.

"Ngoja wimbo uishe, binti."

Machozi yalimlengalenga. Tukasikiliza wote wawili hadi mwisho. Redio ilikuwa moja kwa nchi nzima, na wimbo ule si mimi si yeye aliyeuomba.

Siku hizi kila mtu ana nyimbo zake masikioni. Redio yangu ingali inaimba, Neema. Nikiongea peke yangu inapoimba, hakuna wa kuniambia ningoje wimbo uishe.

Bibi yako,
Somoe