Nani Atasimama na Catherine

Lionja, Nachingwea
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Silvanus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote huku nyumbani. Mnaendeleaje huko Kasulu? Wifi yangu Makrina mguu umepona, au bado anachechemea? Na watoto wanakwenda shule vizuri? Mimi ni mzima wa mwili. Mama yupo. Macho yamezidi kufifia, lakini anamtambua kila mtu kwa sauti, na kila Jumapili anauliza kama umepiga simu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nilikupigia mara mbili nikashindwa kusema, nikaishia kukuuliza kama mvua zimeanza huko. Mwalimu mmoja wa hapa anasafiri kesho kwenda kwao Kigoma, ndipo nikaona niandike, aibebe.

Silvanus, Uwesu amefariki. Uwesu Kaimu, jirani yetu, yule aliyekusaidia kuezeka nyumba ya Mama. Aliuawa na tembo Jumanne tarehe tatu mwezi huu, alfajiri, akiwasindikiza watoto shuleni.

Tangu kiangazi kishike, tembo wamekuwa wakiingia mashambani kutafuta maji, na sasa mabibo yameanza kuiva. Unaijua njia ya kwenda sekondari. Watoto wa kitongoji chetu wanatoka saa kumi na moja, giza bado halijaondoka. Akina baba wakapanga zamu za kuwatangulia wakigonga debe. Wiki ile ilikuwa zamu ya shemeji yako Ignasi. Lakini alikuwa hajamaliza kupuliza dawa mikorosho, na mashine ilikuwa ya kuazima. Uwesu akamwambia, "Wewe maliza kazi yako, watoto nitawapeleka mimi."

Walipofika kwenye korongo wakamkuta tembo jike na mtoto wake ndani ya mihogo. Uwesu akawaambia watoto warudi nyuma wasikimbie, naye akashika upande mwingine akigonga debe kwa nguvu ili mnyama amfuate yeye. Akamfuata. Watoto kumi na mmoja walirudi nyumbani bila hata mchubuko. Ignasi na wenzake ndio waliokwenda kumbeba.

Binti yake Semeni alikuwemo kati ya wale kumi na mmoja. Ndiye rafiki wa Catherine wetu tangu darasa la kwanza. Debe lilipokaa kimya, Semeni alitaka kurudi kwa baba yake. Catherine akamkamata mkono, akamvuta mpaka nyumbani. Aling'atwa na Semeni mpaka damu ikatoka, hakumwachia. Siku ya mazishi alipokwenda kukaa karibu naye mkekani, Semeni alimtazama akasema, "Ungeniacha." Catherine akanyanyuka akarudi nyumbani peke yake.

Tangu siku hiyo Catherine akaacha shule. Sare aliifua, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Nilimwambia mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, akanijibu, "Mama, pale darasani nakaa naye dawati moja."

Ignasi naye akawa amekwisha kuamua. Alitaka Catherine aende Ruangwa kwa dada yake mwenye kibanda cha chakula, akapike na kuuza, mambo ya shule yaishe. Nikamwambia mtoto ana mjomba wake, hatuwezi kumwondoa kabla hujasema neno. Ni kweli kwa desturi zetu, lakini nakiri nilikuwa navuta muda tu.

Wiki iliyofuata mkuu wa shule, Mwalimu Nicholaus, aliita wazazi wote. Huyu ni mtu wa Kagera, hana hata mwaka hapa, lakini msibani alikaa siku tatu. Alisema ametenga madarasa mawili, moja la wasichana na moja la wavulana, watoto wa mbali walale humo mpaka mtihani uishe. Wazazi wakakubali kuleta unga, mbaazi, kuni na mikeka. Kwa wavulana akajitolea mwalimu mmoja. Kwa wasichana alitakiwa mama wa kulala nao na kuwapikia, na hapo wote tukainamisha vichwa, maana korosho zimeanza kudondoka na kila mtu anazihesabia hizo. Nikanyoosha mkono. Sikumtazama Ignasi.

Tulipokaribia nyumbani Ignasi akapunguza mwendo.

"Umeamua peke yako," akasema.

"Nimeamua."

"Na korosho?"

"Zitaokotwa. Mtihani haungojei."

Akasimama. "Yule mtu alikwenda kwa ajili yangu, Marietha. Na wewe unataka mwanangu arudi kule kule."

 Tangu hapo hanigombezi, mdogo wangu, ila hali chakula akashiba, na mke wa Uwesu akitajwa anatoka nje.

Catherine sikumbembeleza. Jumatatu nilijitwisha godoro langu, nikamwambia mimi nakwenda kuwapikia wenzako, ukitaka baki. Nilikuwa nimeshapita nyumba ya tatu nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa amevaa sare, sufuria kubwa kichwani.

Semeni aliletwa na mama yake mdogo siku ya Jumatano. Akatandika mkeka wake mlangoni, mbali na wa Catherine. Kitabu cha Baiolojia ni kimoja kwa wote wawili, kwa hiyo wanasoma pamoja, mmoja anafunua kurasa na mwingine anaandika, bila kusemezana. Ukiwaona unatamani kulia. Usiku mimi ndiye ninayelala katikati.

Jana mchana nilikuwa nachambua mbaazi, Catherine anaosha vyombo. Semeni akaja akachuchumaa mbele yangu, akaanza kuchambua. Baadaye akasema, "Mama Catherine, siku ya mahafali kila mtu anaitwa jina, anapita mbele na mzazi wake, na mzazi hapiti mara mbili. Mama yangu atakuwa bado yuko edani, hatoki. Utapita na mimi?"

 Catherine hakugeuka, mikono bado imo kwenye maji. Akasema, "Mama, pita naye."

Semeni akamwuliza, "Na wewe je?"

"Mimi nitaona."

Maneno ya kwanza baina yao tangu mazishi, Silvanus, ndiyo hayo. Nikamwambia Semeni nitapita naye. Sikuweza kusema vingine, na sitabadilisha.

Sasa nakuja kwenye ninalotaka kwako. Mahafali ni Jumamosi, tarehe 19 Oktoba. Ignasi amesema hakanyagi pale. Kuni anatuma, unga anatuma, mwenyewe haji, na sitamlazimisha. Njoo wewe. Najua Kasulu si karibu, na ruhusa za walimu nazijua. Lakini jina la Catherine likiitwa, asipite peke yake. Pia nataka ukae na shemeji yako barazani, hata kama hamtaongea. Mimi hanisikii kwa sasa.

Kumrudisha mtoto shule sikukungoja. Kama umekasirika, njoo unikasirikie ukiwa hapa.

Nisalimie sana wifi Makrina, na watoto wote wawili, Davis na Laurencia. Mwambie Laurencia bibi anaulizia kama amejifunza kusuka. Mama anakubariki, amekutaja kwa Kimwera kwa lile jina lako la utotoni. Mungu awalinde njiani na nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Marietha

Catherine hajui kwamba nimekuandikia. Nimemwacha aamini kwamba hakuna atakayekuja.