Muhogo Mmoja Mara Mia Tano

Mnyambe,
Newala.
15 Novemba, 1954.

Mpendwa mpwa wangu Danieli,

Kosa la watu wengi, nawe umo, ni kudhani kwamba muhogo ni muhogo tu, na kwamba shamba zuri ni lile ambalo miti yake yote inafanana kama askari kwenye gwaride. Lakini nimeanza kama mtu mwenye hasira, na mimi sina hasira. Ngoja nirudi nyuma nikusalimie.

Marahaba, kwa shikamoo uliyoniandikia mwezi uliopita. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuacha? Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua, ila lilitabiri mwezi wa nane pia, kwa hiyo hatulisikilizi. Maji bado tunayapandisha kutoka bondeni, na mama yako Dorothy amesema atakayeoga mara mbili kwa wiki aeleze sababu. Mwanao Cecil ameota meno mawili na anawauma watu wote bila ubaguzi.

Sasa nije kwenye barua yako kwa mkeo. Isabela aliniletea niisome, ingawa kusoma anajua sana. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alitaka nione kwa macho yangu kwamba mumewe, karani wa shamba la mkonge huko Tanga, ameagiza mihogo yetu ya mchanganyiko ing'olewe, miti yake ichomwe moto, na msimu huu ipandwe aina moja tu, ile tamu nyeupe, kwa mistari iliyopimwa kwa kamba, "ili shamba letu nalo lionekane ni la watu waliosoma." Nimefundisha miaka thelathini na moja, Danieli, na sikumbuki kumfundisha mtu jambo hilo.

Kwanza liko suala la adabu. Umesahau kwamba hapa kwetu aina ya muhogo huitwa kwa jina la mwanamke aliyeileta. Umeagiza Somoe ang'olewe na Mwanaheri achomwe moto. Mwanaheri ni marehemu, hakusikia. Somoe yu hai, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na amesikia. Alikuja kwa mama yako, akaketi, akasema, "Dada Dorothy, nimeambiwa mwanao amenihukumu huko Tanga. Nilimkosea nini? Nilimbeba mgongoni mpaka alipojua kukimbia." Mama yako alimpa uji.

Pili, yupo Basil. Ulipokuja likizo mwaka jana ulihubiri habari ya aina moja na mistari, Isabela akachelewa kwa sababu ya mimba ya Cecil, lakini rafiki yako Basil aliamini siku ile ile. Alichoma miti yake yote ya zamani. Akapanda Severina peke yake, ule mtamu, pingili mia tano, kwa kamba. Nakiri lilikuwa shamba la kupendeza. Watu waliacha njia yao waende kulitazama, na Basil alisimama kando na kofia kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Nguruwe mwitu nao walilitazama. Nguruwe akiingia kwa Isabela, anachimba Severina, anafurahi. Anachimba wa pili, ni Somoe, mchungu kama dawa, anatema na kufikiri upya. Wa tatu tena ni Somoe. Mwisho anachoka kubahatisha, anaondoka. Sisi muhogo ule mchungu tunaumenya, tunaukausha, tunapata unga. Nguruwe hana subira hiyo. Lakini kwa Basil hapakuwa na kubahatisha. Nguruwe alianza mstari wa kwanza kama mkaguzi wa shule, na hakuruka dawati hata moja.

Miti iliyosalia ikaugua. Wale wadudu weupe wadogo wanaoruka kama unga ukitikisa majani walileta ule ugonjwa wa mabaka ya manjano, na majani yote yakajikunja. Basil akaja kwangu.

"Mwalimu, imeugua yote mwezi mmoja. Hili si jambo la kawaida. Kuna mtu."

"Hakuna mtu, Basil. Ulipanda mihogo mingapi?"

"Mia tano."

"Ulipanda mmoja."

Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mzee ambaye akili imeanza kumtoka, akaniuliza kama nimekula.

Nikamweleza, na wewe nakueleza. Muhogo hatupandi kwa mbegu bali kwa pingili, na pingili ni mti ule ule uliokatwa vipande. Ukipanda shamba zima kwa pingili za mti mmoja, umepanda muhogo mmoja mara mia tano. Unachokipenda mmoja, wote wanakipenda. Kinachomuua mmoja, kinawaua wote. Ndugu wa kweli ni wale waliozaliwa tofauti. Maua ya Mwanaheri hutoa mbegu, mbegu zikidondoka huota miche isiyofanana na mzazi, na mama yako haing'oi. Anaiacha aone itakuwa ya tabia gani. Ndivyo hata Somoe alivyoupata ule wake.

Ili nisiseme nisichokijua, nilipeleka kigoda changu shambani kwa Isabela, asubuhi tatu mfululizo, nikatazama nani anaishi kwa nani. Wapita njia walimpa Isabela pole, wakidhani nimefukuzwa nyumbani. Mwanaheri hutanua matawi na kuchanua, kwa hiyo nyuki wanakuja, na manyigu pia. Na manyigu wakiwa pale huwachukua viwavi hata kwenye majani ya jirani. Katikati ya matawi yake buibui hutandaza nyavu, na nyavu zilikuwa nyeupe kwa wale wadudu wadogo. Somoe amenyooka bila tawi, hana buibui hata mmoja, ila siafu hupenda kivuli chake cha chini. Severina ana wageni wengi na mlinzi hana. Anaishi kwa hisani ya majirani. Kwa hiyo, Danieli, ukibadilisha muhogo umebadilisha kijiji kizima kinachokaa juu yake na chini yake. Basil aliwafukuza majirani, akabaki na wageni.

Siku hizi Alhamisi haipiti bila yeye kufika kwa mkeo. Juzi nilikuwapo. Isabela alimwambia, "Karibu, Baba Julia. Umekuja kusalimia, na kikapu nacho kimekuja kusalimia?" Basil akasema kikapu kilimfuata njiani. Isabela akakijaza mihogo.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa pana hatari. Isabela amekata miti ya aina zote, ameilaza kivulini chini ya mkorosho, na hajachoma wala hajapanda. Nilimwambia apande tu, na mjomba wa mumewe anayo haki ya kusema hivyo. Akanijibu, "Mjomba, wewe utasema kisha utakwenda kwako. Yeye atakuja likizo, na mimi ndiye nitakayekaa naye nyumba moja akiwa amenuna. Aandike mwenyewe." Siwezi kumlaumu. Lakini pingili haziwezi kungoja mpaka Krismasi, zikikauka zimekufa. Na Mwanaheri hayupo tena kwa mtu mwingine Mnyambe nzima, tangu Basil alipochoma za kwake. Zikifa hizi za mkeo, hakuna mahali pa kumwomba, si kwa fedha wala kwa machozi. Barua hii itakufikia kwa siku kumi na mbili, na yako itarudi kwa siku nyingine kumi na mbili. Mvua hazitakungoja wewe.

Mama yako anakusalimu sana. Cecil angekusalimu kama angeacha kuuma. Basil anakusalimu, na anasema likizo ijayo usihubiri. Somoe naye anakusalimu, lakini kwa ubaridi. Mungu akuhifadhi huko ugenini, akuponye kifua, na akupe moyo wa kubadili shauri bila kuona haya.

Leo hii, kabla hujala chakula cha mchana, mwandikie Isabela, "Panda zote," kisha uipeleke barua posta kwa mkono wako.

Mimi mjomba wako nikupendaye,
Cuthbert.