Kabula, Minza Nilimficha kwa Mjomba Wako

Kabula mwanangu,

Ni mimi mama yako. Usishangae mwandiko, mkono ni wa mwanao Minza, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asipunguze, maana hawa watoto wa shule unawaambia jambo refu wanaandika fupi, halafu wanakwambia ni lile lile. Sasa hivi ananikata jicho. Andika na hilo.

Ningekuja kaburini nikueleze kwa mdomo kama siku zote. Ila pale ulipolala, kwa mjomba wako Maduhu, kuna jirani amejenga. Ukuta wake umekusogelea kabisa, na mke wake kila nikikaa na wewe anatoka kufagia. Uwanja gani huo unafagiwa mchana kutwa? Anasikiliza yule. Basi nimeona bora karatasi, nitaileta niifukie hapo pembeni yako.

Habari za huku. Tupo Kiseke bado, chumba kile kile, bado nauza dagaa Mkuyuni. Kile kivuko cha Kigongo ulichokuwa unakiogopa, unanishika kanga mpaka tufike Busisi, siku hizi hatukipandi. Kuna daraja. Unaingia Kigongo unatokea Busisi hujamaliza hata kutafuna kipande cha muwa. Mimi siliamini. Kitu kizito namna ile kimesimama juu ya maji, nani amesema kitaendelea kusimama? Nikipita nafumba macho. Mwanao ananicheka.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie.

Minza alirudi shule akasema, bibi, mwalimu ametuambia watakuja watu wa afya, wasichana tutachomwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Mimi niliposikia hilo neno kizazi sikusikia lingine. Nikamwambia kula kwanza. Kesho yake nikalipeleka Mkuyuni. Unamkumbuka Mama Rehema wa meza ya viungo, tunayekaa naye bega kwa bega. Akaacha kupima mdalasini wa watu, akanishika mkono. "Dada, usithubutu. Hiyo inafunga kizazi. Ingekuwa ya heri si wangechomwa na wavulana?"

Na mimi kichwani nilikuwa na langu. Mbona bure? Mimi ni mtu wa dagaa, Kabula, unanijua. Ukifika mwaloni dagaa zinaposhushwa, mtu akakukimbilia mwenyewe, "mama njoo uchukue hizi, tutaelewana baadaye," wewe tia mkono mpaka chini ya gunia, utakutana na mchanga. Halafu mbona wa kike tu? Mbona wadogo, ambao hata mwanaume hawajamjua? Kila nikigeuza naona mchanga. Na huyu ndiye peke yake uliyeniachia. Baba yake alikwenda machimboni hata simu hapigi. Wakimfunga huyu, wewe na mimi tumeisha hapa duniani, hakuna wa kuitwa kwa jina lako.

Basi asubuhi ya siku ya chanjo sikumwacha avae sare. Nikamwambia vaa gauni, tunakwenda kwa babu Maduhu. Tukapita darajani, macho nimefumba.

Hatujakaa vizuri, simu ikalia. Mwalimu wake. "Bibi shikamoo. Minza mbona simwoni?" Nikasema yuko msibani. "Poleni sana. Msiba wa nani?" Ulimi ukanitangulia, nikasema wa mama yake. Mwalimu akauliza tena, wa mama yake? Halafu akasema taratibu, "Bibi, mama yake si tulimzika mwaka juzi?" Nikamwambia, kwani msiba unaisha? Nikakata simu. Minza alikuwa anacheka kanga mdomoni. Usifute, andika ulivyocheka.

Mjomba wako alikuwa anatoa ng'ombe zizini. Akaniangalia, akaliangalia begi la mtoto, akauliza kuna nini. Nikamweleza yote, ya Mama Rehema, ya bure, ya kike tu. Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. "Dada! Umemficha mtoto kama baba alivyoficha ng'ombe!"

Hiyo hujawahi kuisikia kwa sababu babu yako hakupenda isemwe. Nilikuwa msichana mdogo. Ilitoka habari bwana mifugo anakuja na sindano ya chambavu, ule ugonjwa wa ng'ombe. Baba akasema waongo hao, wanataka kuhesabu ng'ombe wetu. Akaswaga kundi lote porini, akakaa nalo huko mpaka wale watu wakaondoka. Akarudi anapiga mluzi, amewashinda. Haukupita muda ndama wakaanza kuchechemea. Wale wanono, wazuri wazuri. Paja linavimba, ukiligusa linalia ndani kama majani makavu. Nilikuwa na wangu mmoja mwenye baka jeupe, nikawa nampelekea maji na kata, hanywi. Kwa majirani waliochoma, ng'ombe wao walikuwa wanakula majani tu. Baba hakupiga mluzi tena mwaka ule.

Nikamwambia Maduhu, ile ilikuwa chambavu, na mtu si ng'ombe. Akasema, "Sawa, mtu si ng'ombe. Njoo uone." Akanisimamisha zizini. Unakumbuka ng'ombe wake walivyokuwa wanatupa mimba, mpaka akataka kuuza wote? Anasema bwana mifugo alikuja na chanjo yake, akamwambia, dume sichomi, ng'ombe mkubwa sichomi, nipe mitamba yako tu, ile midogo ambayo haijapandwa. Kwa sababu ugonjwa wenyewe unakaa kwenye kizazi, dawa inatakiwa iwahi. Akaninyooshea fimbo, yule pale, yule pale na yule, wote walikuwa mitamba wakati huo. Wana ndama wananyonya. Nikamuuliza mbona hukuniambia? "Ungesikia wewe? Wewe unashuku hata daraja."

Nilikasirika, Kabula. Nikageuka nimchukue mtoto tuondoke.

Kumbe Minza hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amekwenda kwako, amechuchumaa anang'oa majani. Nilipomfikia hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Bibi, mama aliumwa nini?"

Unajua tulivyosema. Tulisema tumbo. Msibani tulisema tumbo, kanisani tumbo, baba mkwe wako aliuliza tukamwambia tumbo. Tuliona aibu kuitaja sehemu yenyewe. Nikafungua mdomo niseme tumbo, mtoto akanitazama. Ana macho yako, hayaondoki mtu akidanganya. Nikamwambia, mama yako aliumwa saratani ya mlango wa kizazi.

Akasema, "Ndiyo hiyo hiyo ya sindano?"

Ndiyo hiyo hiyo.

Minza, mbona umeacha kuandika? Andika.

Alimaliza kung'oa majani yako yote, ndipo tukarudi. Darajani nilisahau kufumba macho. Niliona maji yote, huku na huku. Nikawa nakukumbuka ulivyokuwa unajipaka mafuta yenye marashi asubuhi na jioni, unafikiri mimi sisikii harufu. Pua hii inajua dagaa zilizolala jana na za leo, nitaachaje kusikia? Nikikuuliza unasema, "Mwezi umenichanganyikia tu mama, utakaa sawa." Ukifua zile nguo za damu unazianika chini ya shuka wasione. Na mimi nilimshuku wifi yako, nikamshuku yule mwanamke aliyekaa na mume wako, nikashuku hata maji ya kile kisima. Niliwashuku wote wenye miguu. Ugonjwa wenyewe ndio sikuushuku. Mpaka hospitali kubwa wanatuambia umechelewa, ulikuwa hukai kwenye kiti.

Lakini usifikiri nilimpeleka mtoto siku hiyo hiyo. Mimi? Nilikwenda zahanati peke yangu kwanza. Nikamkuta nesi, msichana mnene kidogo, ana mwanya. "Shikamoo bibi." Marahaba, lakini usinilainishe kwa shikamoo, nina maswali. Akavuta kiti.

Nikamuuliza, inafunga? Akasema haifungi, bibi, kinachofunga ni ugonjwa wenyewe, ukishika sana wanatoa kizazi chote. Kwa nini wa kike tu? Akasema kuna nchi wanachoma na wavulana, sisi tumeanza na hawa maana ndio wanaokufa zaidi. Kwa nini wadogo? Akasema ni kirusi, kinapita mwanamke na mwanaume wakikutana, kinaweza kukaa mwilini miaka na miaka hakiumi, kwa hiyo chanjo itangulie kabla binti hajaanza hayo mambo. Mitamba, nikasema moyoni. Maduhu sikumtaja, sitaki ashinde mpaka huku. Nikamuuliza, bure kwa nini? Akasema, "Bibi, kuuguza aliyechelewa na kuchoma sindano moja, kipi kizito?" Kipi kizito nakijua, maana nimekuuguza.

Halafu akaniuliza umri wa Minza. Nikasema ana kumi na nne, Krismasi anatimiza kumi na tano. Akasema basi bibi mwahi, akishatimiza kumi na tano hayumo tena kwenye mpango huu. Nikamwambia, hapo sasa! Ndivyo wanavyosema wauzaji wote, mzigo unakwisha, mzigo unakwisha. Akacheka, mwanya nje. Nikamwambia usicheke, wewe una binti? Anaye. Amechomwa? Amechomwa. Nikasema mlete nimwone.

Na akamleta, Kabula! Kesho yake jioni, nimekaa mlangoni nachambua dagaa, naona nesi huyo, kavaa dera, na katoto kake ka miaka kumi na moja. Nilikashika mkono, nikakatazama macho, nikakaambia karuke kamba. Kaliruka mpaka nikachoka mimi. Nikakauliza, ulipochomwa uliumwa? Kakasema, "Mkono tu bibi, siku mbili, nikasingizia siku ya tatu nisioshe vyombo." Muongo anaeleza uongo wake mwenyewe, huyo unaweza kumwamini kidogo.

Nikabakiza swali moja, nikalisema mtoto wake akiwa mbali. Mbona hii haikumfikia Kabula wangu? Nesi akaacha kutabasamu. Akasema, "Bibi, dada alipokuwa binti haikuwepo huku." Sikuwa na mtu wa kumshuku kwa hilo. Ilikuwa haipo, na wewe ulikuwepo, basi.

Tulikwenda Jumatatu. Nilimwambia nesi afungue mbele ya macho yangu, nikaitazama ile chupa japo kusoma sijui, nikaitazama tu ili ijue naitazama. Minza alinishika kanga kama wewe kwenye kivuko. Tukaambiwa tukae kwanza kwenye benchi, tusiondoke mara moja, na mimi nikasema ahaa, kuna kitu hawa wanakisubiri. Nikamshika mtoto paji la uso mpaka akasema, "Bibi, niache nipumue." Hakuna kilichotokea. Mkono ulimuuma, na vyombo nikaosha mimi.

Nesi akanikumbusha na lingine, kwamba sindano haimalizi kazi yote. Akiwa mtu mzima lazima awe anapimwa, hata kama haumwi popote. Na akanigeukia, "Na wale wenzako wa sokoni wenye mabinti, na wao wenyewe, wanapimwa?" Nikamwambia Mama Rehema hapimwi hata presha. Lakini nimempelekea maneno. Ameniambia, "Dada, nawe umenunuliwa." Nikamwambia, mimi mtu wa kutafuta mchanga huninunui. Kabula hakufa kwa tumbo, amekufa kwa kitu kina jina, nikalitaja pale mezani, watu wananunua viungo wakageuka. Mama Rehema amenuna. Ila jana aliniuliza, kama anauliza bei ya limao, hiyo zahanati wanafungua saa ngapi. Rehema ana miaka kumi na mbili. Simwamini bado, nitakwenda naye mwenyewe.

Mwanangu, sikwambii nimeacha kushuku. Minza nitamwangalia kila mwezi, na nesi anajua nyumba yangu na mimi naijua yake. Nakuahidi haya. Akiolewa, akipata mtoto, nitambeba huyo mtoto tupite darajani, nimlete kwanza kwako, ndipo nimpeleke kwa nesi nimwambie, haya, na huyu mwandike kwenye chanjo. Kama sitakuwepo, Minza ataleta mwenyewe, kaapa hapa. Na atakwenda kupimwa wakati wake ukifika, hata nikiwa nimelala hapo pembeni yako nitajua. Na pale kwako hatutasema tumbo tena. Yule mke wa jirani akitoka na fagio lake nitalisema kwa sauti, asikie vizuri, ana binti na yeye.

Minza anasema karatasi imeisha. Muongo huyu, naona nyuma kuko kweupe. Ni machozi tu hataki yadondoke kwenye maandishi. Basi, nimwache. Pumzika Kabula wangu, mama yako yuko macho.