Mawe Matatu ya Nguzo Yako

Papa wangu mpendwa,

Nilifika nyumbani siku tatu baada ya wewe kuzikwa. Ndege haikuondoka Kinshasa kwa sababu ya mvua, na kama ungekuwepo ungenicheka: mtu ambaye kazi yake ni kupima maji, amezuiwa na maji. Nimekaa kwenye kiti chako nyuma ya nyumba. Maporomoko ya mto yanapiga kelele zilezile. Nakuandikia barua hii wazi, ndugu wote waisome, kwa sababu kuna jambo uliloniamuru nisilitamke, na nimelinyamazia mpaka umeondoka nalo.

Unakumbuka ule mraba wa fito ulionitengenezea nilipoingia mwaka wa kwanza chuoni? Nilikueleza kwamba nauweka juu ya jiwe, kisha nahesabu kila kiumbe kilichomo ndani yake: konokono, minyoo, mabuu ya wadudu. Uliufunga kona zake kwa kekele, kamba ileile ya porini unayofungia mitego, ukauinua juu ukanitazama kupitia katikati.

"Mama, hii ni mutego ya namna gani? Samaki itapita tu hapa katikati!"

Uliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yako, na nilipenda kuitwa hivyo kuliko jina lolote. Tonton Gaston, mdogo wako, yeye aliniita Mama Mawe. Kila Jumapili baada ya misa mlikula lituma, zile ndizi za kupondwa, kutoka sahani moja, wewe upande huu na yeye upande ule, mkibishana ni nani kati yenu alipata samaki mboto mkubwa zaidi mlipokuwa vijana. Mama mzazi alikuwa akisema mkiendelea kubishana ndizi zitapoa. Hazikupoa hata siku moja.

Wewe ndiwe uliyesimika nguzo za ukoo wetu za kutundikia mitego. Maji yakishuka ulishuka mwambani, ukatafuta tundu lililochimbwa na mto wenyewe, ukasimamisha mti humo na kuukaza kwa mawe. Uliyachagua mawe hayo kwa mkono, ukiyageuza na kuyarudisha, hadi ukapata yaliyokubali. Watu wote waliopanda juu ya miti ile kuvuta mitego waliamini mkono wako, na wewe ulijivunia jambo hilo waziwazi, wala sikuoni vibaya.

Siku ya jambo lile nililolinyamazia, mwalimu alikuwa ametuambia tutafute mawe yasiyoviringishwa na maji, kwa sababu viumbe hutulia mahali palipotulia. Wewe ulikuwa umekwenda Yanonge kwenye matanga. Nilitembea mwambani na mraba wangu, nikayaona mawe matatu yaliyojaa konokono weusi, yamekaa imara mguuni pa nguzo ya mwisho. Papa, nilifurahi! Niliyang'oa kwa mtaimbo, nikayatia kwenye beseni na kuondoka nayo kichwani nikiimba. Mimi, mtoto wa msimika nguzo, sikujiuliza yalikuwa yanafanya nini pale.

Maji yalipopanda, tonton Gaston alipanda kuvuta mtego. Nguzo ilianguka naye.

Ulirudi kutoka Yanonge ukaenda moja kwa moja kulitazama tundu. Kisha ukaja nyumbani. Mimi nilikuwa uani nayasugua mawe kwa mswaki, nikiwahesabu konokono wangu.

"Mama, hii mawe ulitoa wapi?"

"Ku nguzo ya mwisho, Papa."

Ulichuchumaa. Ulilishika moja, ukaligeuza kama ulivyozoea.

"Gaston amevunjika muguu."

Nilianza kulia, nikasema naenda kuwaambia watu wa ukoo. Ulinishika mkono wenye mswaki.

"Bon, sikiliza. Ni mimi nilikaza mubaya. Umesikia? Ukisema, watakufukuza ku maji, na masomo yako yote iko mule. Nyamaza."

Nami nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojichukia. Ulinikataza, kweli, lakini ilinifaa pia kukatazwa. Kikao cha ukoo kilikunyang'anya kazi ya kusimika. Mzee mmoja alisema, "Mikono yako imechoka," nawe ukajibu, "Ndiyo, imechoka." Nilikuwa mlangoni nikakusikia. Tangu hapo ulikaa ukingoni ukisuka mitego ya wengine. Na Jumapili iliyofuata tonton Gaston aliomba sahani yake peke yake.

Nilimaliza masomo, nikaenda mbali, kule mto wetu unapoingia baharini. Ufukweni nahesabu kaa na kome kwenye mawe yanayofunikwa na kufunuliwa na maji mara mbili kwa siku. Ndani zaidi tunateremsha koleo la chuma lenye mdomo mpaka chini, linatuletea tope, nalichekecha kutafuta minyoo iliyojijengea nyumba za mchanga. Ule mraba wako ninao hadi leo. Kekele imekatika mara mbili, nikaifunga upya, vibaya. Kwenye meza yangu ya kazi hukaa jiwe moja kati ya yale matatu. Wageni huniuliza ni la bahari gani.

Nawe uliniuliza habari za chini ya bahari kwenye simu, mwaka jana. "Kule chini iko namna gani?" Nikakwambia ni tope tupu.

"Na mawe?"

"Ni machache, Papa."

"Basi kule hautaangusha mutu."

Ulicheka sana. Mimi nilikata simu, nikasingizia mtandao. Niliahidi kukupeleka uione bahari, na kila mwaka nilisema mwaka ujao. Nisamehe. Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi.

Jana, Jumapili, nilikwenda kwa tonton Gaston nikiwa na jiwe lile la mezani kwangu, nililosafiri nalo, kwenye mkoba. Nililiweka mbele yake, nikamweleza yote, kuanzia beseni mpaka mswaki. Alilitazama pande zote.

"Papa yako alijua?"

"Alijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile, tonton."

Alijisugua mguu wake ule. "Donc, kumbe miaka yote nilikula peke yangu bure." Kisha bila kunitazama: "Wewe, leo usinisemeshe. Kuja kesho."

Nilisimama kuondoka. Nikiwa bado uani nikamsikia akimwita mkewe alete lituma. Mke akamletea sahani yake ndogo, ile ya mtu mmoja. Akaikataa. Akaomba ile kubwa. Niligeuka, Papa. Aliiweka juu ya mkeka, akanawa, akala upande wake tu, polepole, mpaka katikati. Upande wako hakuugusa. Zile ndizi zilikaa pale mpaka zikapoa.

Kwaheri, Papa. Ulikaza vizuri. Sasa wote wanajua.

Mama yako mdogo,
Mama Mawe