Ngazi Sitini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu mpya wa mazoezi kaanza kazi leo hapa kwenye makao ya wazee. Binti mdogo tu, suruali ya michezo, pindo la mguu wa kushoto limefumuka. Nililiona pindo kabla ya uso wake. Miaka thelathini na mbili ya cherehani — mikono imestaafu, macho yamegoma!

Katupanga ukumbini, viti duara. Tusimame na kukaa mara kumi bila kushika popote. Mimi nimeishia sita. Redio, mwenzangu wa chumbani, kasimama mara mbili na kusema maneno elfu. Ndiyo maana tunamwita Redio. Akishawaka asubuhi, hana kitufe cha kuzimia.

Mwalimu anasema uzee si kukaa kusubiri chai. Atakayepanda ghorofa mbili bila kushika reli atapewa kadi ya kijani: ruhusa ya kutoka getini peke yake, mradi arudi kabla ya saa kumi jioni. Ukumbi mzima umecheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Magoti yanawaka. Hata kuvaa soksi ni shughuli.

Lakini nina sababu. Binti yangu anakaa ghorofa ya nne. Nilikaa naye miaka sita, kwenye chumba kidogo cha mwisho, cherehani yangu chini ya dirisha. Kisha nikaanguka bafuni, na lifti ya jengo nayo ikafa wiki hiyohiyo. Akanileta hapa. "Mama, ni ngazi sitini na nne, utapandaje? Pata nguvu kwanza, halafu utarudi."

Mwaka mmoja na miezi mitano sasa. Nakitamani kile chumba. Natamani kuamka nisikie watu wangu wakigombania bafu.

Jumapili, 9 Machi

Binti hajaja. Kapiga simu: analetewa friji mpya, ile ya milango miwili, hawezi kutoka. Sawa, nimefurahi naye.

Nikamwomba anipimie kimo cha ngazi moja ya kwao, nijue najiandaa na nini. Kajibu palepale: "Inchi saba, Mama." Hakuinuka hata kwenye kiti! Nimepima watu maisha yangu yote, namjua anayekisia. Nimeandika saba hivyohivyo.

Jumatano, 12 Machi

Nimezipima ngazi za nyuma, karibu na chumba cha kufulia. Futi yangu ya kushonea ingalipo. Inchi saba kamili! Na ziko kumi na sita. Nikipanda mara nne, zinatimia sitini na nne. Nimecheka peke yangu.

Redio anakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananihesabia. "Tisa, kumi — yule bwana alikuwa na tai moja tu, mwenzangu, moja! — kumi na tatu." Tumeanza upya mara mbili. Matroni katupita na mashuka, kauliza kama tunatafuta kuvunjika. Redio kamwambia tunatafuta kwenda nyumbani.

Si wote wawili, lakini. Yeye hana wa kumwendea. Sikumsahihisha.

Jumamosi, 22 Machi

Wamekuja! Binti na mjukuu wangu wa kike. Kakua, mikono ya sare imekuwa mifupi, na hakuna aliyeona.

Nikawaonyesha: simama, kaa, mara kumi, mikono kifuani. Mjukuu alihesabu kwa sauti. Binti kapiga makofi mpaka macho yakamlenga machozi. "Mama, umenawiri! Kumbe huku kumekufaa. Kwetu ungekaa tu ukitazama ukuta."

Nikamwambia nafanya haya yote kwa ajili ya zile ngazi zake. Akatazama simu yake. Tutaongea, akasema.

Mjukuu akadakia kwamba yeye sasa anasomea chumba changu, ana meza na taa. Na cherehani? Iko juu ya kabati, Bibi, imefunikwa vizuri.

Juu ya kabati! Mashine haiwekwi hivyo, itaganda.

Mwalimu naye katupiga picha, kaibandika kwenye ubao wa matangazo: mfano wa kuigwa. Nimesimama hapo, meno yote nje. Kadiri ninavyopata nguvu za kuondoka, ndivyo wanavyoona hapa pananifaa. Nimeumia, na sina wa kumwambia isipokuwa Redio, na Redio atamwambia kila mtu.

Jumatatu, 31 Machi

Mara nne! Bila reli! Redio hakuruka hata namba moja.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefaulu mbele ya mwalimu na Matroni. Kadi ya kijani iko mfukoni, nimeigusa mara kumi. Mwalimu kanikumbatia. Nikamwambia alete ile suruali, siwezi kuvumilia pindo lile siku moja zaidi.

Jumapili naenda. Sitampigia simu. Nataka afungue mlango anikute nimesimama, sihemi.

Redio leo kanyamaza chakula kizima. Mwishowe: "Ukibaki hukohuko, nitamhesabia nani?"

Jumapili, 13 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya juu kabisa, ghorofa ya nne.

Mlinzi wa chini ni yuleyule. Kanishikia mkoba. Shikamoo Bibi, umepotea! Nikaelekea kwenye ngazi, akaniita: "Bibi, lifti hii hapa." Nikamwambia si mbovu? Akacheka. "Mbovu wapi! Mwaka mzima sasa inafanya kazi. Juzijuzi tu imepandisha friji ya kwenu."

Friji. Milango miwili. Na mimi sikujiuliza hata siku moja ilipandaje.

Alinibonyezea kitufe. Mlango ukafunguka, mna kioo ndani, nikajiona na gauni langu la kutokea. Ukasubiri, ukajifunga. Nikapanda kwa miguu. Nilihesabu mwenyewe. Sitini na nne — hapo hakunidanganya.

Nimepima na kimo. Sita na nusu.

Nimegonga, hakuna mtu. Watakuwa wametoka kidogo tu. Kizulia cha mlangoni ni kile nilichoshona kwa vipande vya vitambaa. Kimefuliwa, na kona iliyochanika imeshonwa upya, kwa mkono, vibaya sana. Binti yangu hajawahi kujua kushona. Kajaribu.

Nina hasira naye, na nimemkumbuka mpaka kifua kinauma.

Saa nane na nusu. Ningeanza kushuka sasa ningewahi geti. Ningemwambia Redio sikuwakuta. Binti asingejua kwamba najua, na angekuja kunitazama kama kawaida.

Lifti imelia huko chini. Inapanda. Mjukuu anacheka ndani yake, namsikia. Taa juu ya mlango inasema mbili.

Naweza kusimama bila kushika, hata mara kumi. Tatu —