Anakwangua Kioo Kisicho na Barafu

Shangazi Varvara mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikemea, maana ulimi wako naujua. Tunaishi kijijini kando ya mto Indigirka, na kila mwaka mto ukishaganda na barabara ya barafu ikafunguliwa tunapakia gari, mimi na mume wangu Gavril na watoto na mama mkwe, tunavuka milima kwenda kwa mama yangu mzazi, na mwaka huu safari haikwepeki kwa sababu mama miguu imemwisha nguvu na kila siku anapiga simu, "Mnakuja au mnanisubiri nife ndiyo mje?" na samaki wa kugandishwa ameshatuwekea barazani.

Shida yangu ni hii. Mwezi uliopita Kesha, rafiki wa Gavril tangu utotoni, gari lilimzimikia huko kwenye barafu, baridi ya nyuzi hamsini chini ya sifuri, akasimama pembeni mwa njia akipunga kofia, na gari la kwanza kutokea likawa letu, Gavril akiwa peke yake, mchana kweupe, na Gavril akampita bila hata kupunguza mwendo. Kesha akachoma tairi la akiba, likamtia joto mpaka dereva wa lori akauona moshi. Masikio yameungua kwa baridi lakini yu hai. Shangazi, kwetu hapa mtu anaweza kuiba ng'ombe akaja akasamehewa, ila kumpita mtu aliyesimama kwenye baridi, hapana. Kituo cha mafuta wanaume wanamgeuzia mgongo mume wangu, na yeye hajitetei hata kidogo, na mimi nikaanza kumchukia.

Mpaka tulipokwenda mjini kuchukua unga, nikamwona anakwangua kioo cha mbele kwa kadi, anakwangua, anaendesha, anakwangua tena, huku anang'aka, "Kioo hiki mwaka huu kinaganda ajabu!" na binti yetu Aitalina akasema kutoka kiti cha nyuma, "Mama, mbona kioo kisafi?" Na kweli, Shangazi, kilikuwa safi kabisa.

Tulipofika nyumbani nikamfuata gereji.

"Gavril, Kesha hukumwona."

"Nani kakwambia?"

"Kioo."

Akakaa juu ya tairi kama mtu aliyechoka miaka. "Naona ukungu," akasema. "Tangu wakati wa mawindo. Taa za magari zinanitawanyikia."

"Basi si uwaambie watu!"

"Niwaambie nini? Afadhali waniite mwenye roho mbaya. Mwenye roho mbaya bado ni dereva. Kipofu atakaa jikoni na mama, amenye viazi."

Akaniapisha nisiseme. Kuendesha najua, alinifundisha mwenyewe, nyasi za ng'ombe nazibeba mimi kwa gari, ila kule mlimani sijawahi kuendesha, na mama mkwe anasema mwanamke akishika usukani pale juu roho ya njia inakasirika. Nikisema, namvunjia mume wangu heshima na kiapo navunja. Nikinyamaza, wanangu nawapakia kwenye gari la mtu asiyeona. Nampenda, Shangazi. Nifanye nini?

Mke Aliyeapishwa, Indigirka

*

Mke Aliyeapishwa,

Majina yenu nimeyabadilisha kabla ya kuichapa barua gazetini, kwa hiyo pumua. Pole sana, mwanangu. Umebeba peke yako mzigo wa watu wawili, na barua yako imeniliza mimi nisiyelia ovyo.

Sasa nakukemea. Umejaza karatasi kuniuliza kama watoto wapakiwe kwenye gari la mtu asiyeona. Hata mbwa wako angekujibu hilo. Hawapakiwi! Na kiapo cha kuficha ugonjwa si kiapo, ni woga uliovaa koti. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, na humo garini mtaumbuliwa ninyi nyote.

Huyo Gavril naye ni mwerevu wa kijinga. Ukungu anaousema unafanana sana na mtoto wa jicho. Mimi si daktari, ila najua mtoto wa jicho huondolewa, mtu akaona tena. Mumeo anakimbia aibu yenye dawa, anakumbatia jina baya lisilo na dawa! Mpeleke kwa daktari wa macho kabla ya safari. Usimwombe, mpangie siku. Barabara haiyeyuki kesho, na samaki wa mama yako hawaozi.

Lakini kabla ya daktari, nendeni kwa Kesha. Usimsemee mumeo. Aseme mwenyewe, "Sikukuona." Kesha mwezi mzima huu anaamini rafiki yake alimwona akampita, na hilo linamuuma kuliko masikio. Ninavyowajua wanaume wa huko, atamtukana mpaka achoke, kisha ataweka chai.

Safari ikifika, usukani ushike wewe, na Gavril akae kando yako. Njia ile anayo kichwani, anajua barafu ilipo nyembamba na upepo unaporundika theluji. Akuambie, nawe ufuate. Wewe macho, yeye njia, dereva amekamilika. Na msiende peke yenu, ongozaneni na gari jingine.

Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba mlima huo nimeuvuka mimi nikiwa kwenye usukani, tumbo limenitangulia, nikashuka pale juu nikailisha roho ya njia chapati za maji zenye siagi kama ilivyo desturi, na njia haikuniuliza kama nimevaa sketi. Mwombe azipike yeye. Akishapika atakuwa upande wako, utaona.

Unaogopa utamvunjia mumeo heshima. Mwanangu, sheria ya baridi unaijua tangu hujaota meno: ukimkuta mtu amekwama njiani, unasimama. Gavril ndiye aliyekwama sasa. Kila anapokwangua kile kioo kisafi anakupungia kofia, na wewe unampita kila siku, tena ukiwa na macho mazima.

Simama.

Shangazi Varvara